Mwanya wa Mama Mkwe

"Hongera! Picha yako imechapishwa kwenye akaunti tatu."

Maneno hayo yaliwaka kwenye simu ya Fundi wiki iliyopita, nafasi ikatuishia, tukamwacha kidole kiko hewani na macho yamemtoka pima. Bado yuko vile vile.

Kwa msomaji anayeingia leo, mambo yenyewe ni machache. Fundi ni mwanamke kijana anayetengeneza meno ya bandia. Mkono wake wa kushoto umeshika simu, wa kulia umeshika meno yote ya juu ya Bi Mwanya. Bi Mwanya mwenyewe ameketi kwenye kiti cha wateja karakanani kwa Fundi, leso mdomoni. Mwanawe ni mfamasia, na huyo mfamasia ndiye mchumba wa Fundi. Jioni ya leo wazazi wa pande zote mbili wanakutana kupanga harusi.

Mume wa Bi Mwanya hajui kwamba mkewe hana jino hata moja la juu. Picha iliyochapishwa ni ya meno hayo.

Tuendelee.

Fundi alisoma ujumbe mara ya pili. Haukubadilika. Vidole vya mkono wa kulia vikalegea, seti ya meno ikaanguka sakafuni na kukatika vipande viwili. Seti yenye mwanya ikianguka hukatikia kwenye mwanya, maana hapo ndipo plastiki ilipo nyembamba. Fundi alifundishwa hilo chuoni. Halikumfariji.

"Nini hicho?" aliuliza Bi Mwanya nyuma ya leso. Bila meno, maneno yake yalitoka laini kama uji.

"Kijiko, Mama."

"Kijiko gani hicho chenye fizi?"

Kumbe alikuwa ameona.

"Nisamehe, Mama. Imeniponyoka. Lakini inaungika, naiunga sasa hivi."

"Kikao ni jioni, mwanangu. Unataka nikae mbele ya wakwe nimeziba mdomo kama nina mafua?"

"Kabla ya kikao utakuwa umeivaa."

"Na uso wako mbona umekuwa hivyo? Meno yaliyovunjika ni yangu au yako?"

Fundi aligeukia benchi. Alikoroga unga wa plastiki na maji yake, akaviweka vipande viwili juu ya mfano wa plasta wa kinywa cha Bi Mwanya, akavibana, akamimina uji wa waridi kwenye ufa na kuvizamisha vyote ndani ya bakuli la maji ya moto. Mikono ilijua kazi yake. Kichwa kilikuwa kwenye simu.

Alijisogeza hadi kwenye kona ya mashine za kusagia, akampigia kaka yake.

Kaka ndiye aliyeitengeneza ile programu. Hupakui kitu, unaifungua kwenye kivinjari cha simu kama tovuti nyingine yoyote, unaandika mara moja, nayo inatuma kwenye kurasa zako zote kwa pamoja. Alikuwa akitafuta watu wa kumjaribia, na mtu wa kwanza aliyemjia akilini alikuwa dada yake, ambaye hawezi kumkatalia.

Fundi aliijaribu jinsi anavyojaribu meno mapya: taratibu, sehemu moja baada ya nyingine. Alipoombwa picha, alichagua kazi anayojivunia kuliko zote. Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo fundi meno peke yake anaweza kulifanya. Kwake yeye, meno yasiyo na uso hayana mwenyewe. Anaona rangi, anaona mpangilio, anaona ufizi ulivyokaa. Hakufikiria kwamba mwanya ule, na jino la kushoto lililompandia mwenzake kidogo, vinajulikana mtaa mzima kuliko sahihi ya mwenye mali.

Kosa la pili lilikuwa la programu. Fundi alitaka kutuma kwenye ukurasa wa karakana tu. Programu ilikuwa imeweka tiki kila mahali: ukurasa wa karakana, ukurasa wake binafsi, na ukurasa wa ukoo wa mchumba wake, aliokabidhiwa auendeshe tangu alipochumbiwa, kwa hoja kwamba "msichana anajua simu".

"Kaka," alinong'ona, "nafutaje?"

"Kwanza niambie, imefunguka haraka? Kwenye hiyo simu yako ya enzi hizo?"

"Imefunguka haraka. Nafutaje?"

"Na vitufe? Havijabanana?"

"Kaka!"

"Haya, haya. Chini, upande wa kulia, kuna kitufe kimeandikwa Futa."

"Nakiona. Ni cha kijivu. Nikikibonyeza kinaniambia 'Inakuja hivi karibuni'."

"Ndiyo. Inakuja hivi karibuni."

"Umetengeneza kitu kinachotuma halafu hakijui kufuta?"

"Dada, watu wote niliowauliza wanataka kutuma. Hakuna hata mmoja aliyeniambia anataka kufuta."

"Mimi nakuambia."

"Nashukuru. Wewe ni wa kwanza."

"Kaka, nimetuma meno ya mama mkwe kwa ukoo wake mzima."

Kaka ndiye atakayesimama jioni kwa niaba ya upande wa bibi harusi. Suti alikwisha kuipiga pasi.

"Meno... ya mdomoni?"

"Meno ya wapi mengine?"

"Basi ingia kwenye kila ukurasa ufute kwa mkono."

Alifuta kwenye ukurasa wa karakana. Alifuta kwenye ukurasa wake. Kwenye ukurasa wa ukoo akaambiwa kwamba picha inafutwa na aliyeituma peke yake, na aliyeituma, kwa mujibu wa ukurasa huo, si Fundi. Ni programu.

"Tulia," alisema Kaka. "Naifuta huku kwangu. Nabonyeza hapa... hapa... tayari."

Fundi akaufungua ukurasa upya.

"Kaka, sasa ziko mbili."

"Aa. Hicho kilikuwa cha kutuma tena. Vinafanana sana. Nitalirekebisha na hilo."

Chini ya picha ya kwanza maoni yalikwisha kuanza kumiminika.

"Kazi safi, mkwe wetu!" aliandika mmoja.

"Mbona hayo meno kama nayajua?" aliandika wa pili.

"Huo mwanya si wa shangazi huo?"

"Shangazi yuko wapi leo? Mwambieni acheke tulinganishe."

Halafu likaja neno moja kutoka kwa mtu ambaye huwa haandiki kitu kwenye ukurasa ule. Mume wa Bi Mwanya. Baba Mkwe.

"Nakuja."

Fundi alikata simu. Baba Mkwe hakuwa mbali. Asubuhi ile alikuwa kwa kinyozi, duka la tatu kutoka karakana, akijiweka sawa kwa ajili ya kikao.

"Mama," alisema Fundi, "ingia nyuma ya pazia."

"Kuna mteja?"

"Kuna mumeo."

Bi Mwanya ni mwanamke mwenye mwili, na goti lake moja linamsumbua. Kwa mwendo aliotumia kufika nyuma ya pazia, goti hilo halikuulizwa maoni.

Mlango wa mbele ukafunguka. Baba Mkwe aliingia na kitambaa cha kinyozi shingoni. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa umenyolewa vizuri. Upande wa pili kinyozi alikuwa bado hajaufikia.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Hii nini?"

Alinyoosha simu mbele. Fundi hakuwa na haja ya kutazama.

"Ni meno, Baba. Kazi ya mikono yangu."

"Hilo naliona. Mimi nimekuwa mpima ardhi maisha yangu yote. Nimewaonyesha watu mipaka ya mashamba yao wenyewe. Unadhani nitashindwa kuutambua mwanya wa mke wangu?"

Nyuma ya pazia Bi Mwanya alijibana leso mdomoni.

Tunakiri kwamba hata sisi tulidhani mambo yamekwisha kuharibika hapo. Lakini Baba Mkwe alikuwa bado hajamaliza.

"Umekaa mezani kwetu mara ngapi?" aliuliza. "Umekula, umecheka na mama yako pale, kumbe unamsoma! Unamkagua mdomo huku anakupakulia! Halafu unarudi hapa unautengeneza mwanya wake kwa plastiki na kumuuzia mtu mwingine!"

"Baba..."

"Mwizi wa kuku namjua. Mwizi wa mwanya ndiyo namwona leo."

Fundi alimtazama. Polepole akaelewa. Mzee hakuwa amegundua siri ya mkewe. Alikuwa na uhakika kamili kwamba meno ya mkewe ni ya kuzaliwa, na kwamba yale ya pichani ni nakala.

Siri ilikuwa salama. Aliyekuwa hatarini sasa ni Fundi.

"Nani kanunua?" aliuliza Baba Mkwe. "Nitajie huyo mwanamke anayetembea mjini na kicheko cha mke wangu."

Hapa majibu yalikuwa mawili tu. Akisema ukweli, atajisafisha yeye na kumvua nguo mama mkwe wake mbele ya mumewe. Akinyamaza, ataonekana mwizi, na baba wa aina hii hamwachii mwanawe amwoe mwizi. Mfamasia alikuwa kazini wakati ule akihesabu vidonge, hana habari kwamba ndoa yake iko juu ya benchi la plasta.

Fundi alifuta mikono kwenye aproni.

"Baba, wateja wangu siwataji."

"Hata mimi?"

"Hata wewe. Na siku ukiwa mteja wangu wewe, Mama akija kuniuliza, hatasikia kwangu."

"Mimi meno yangu yote ni yangu!"

"Sijasema si yako, Baba."

"Nakuuliza kwa mara ya mwisho. Ukinitajia, nitajua umetumwa, nitamfuata huyo aliyekutuma. Usiponitajia, basi ni wewe."

"Basi ni mimi."

Baba Mkwe alikivuta kile kitambaa shingoni kwa hasira. Nywele zikamwagika kwenye sakafu safi ya karakana.

"Kikao hakuna," alisema. "Mwanangu haoi mtu anayeuza uso wa mama yake. Namwambia sasa hivi."

Aliinua simu, akaanza kutafuta namba ya mwanawe.

Pazia likafunguka.

Bi Mwanya alitoka bila leso. Alisimama katikati ya chumba, akamtazama mumewe, kisha akafanya jambo ambalo Fundi, aliyeona midomo mingi mitupu, hakulitegemea. Alitabasamu. Tabasamu zima, fizi tupu kutoka shavu hadi shavu.

Baba Mkwe aliishusha simu.

"Wewe si ulisema unakwenda saluni?"

"Huku ndiko haluni kwangu," alisema Bi Mwanya. "Mwache mtoto wa watu. Mteja ni mimi."

Mzee alimtazama kama anavyotazama kiwanja: kutoka pembe hii, kisha pembe ile. Aligeukia bakuli la maji ya moto. Alirudi kwenye uso wa mkewe.

"Tangu lini?"

"Tangu ile safari ya kwenda kumuuguza dada."

"Dada yako si alikuwa mahututi?"

"Dada hajawahi kuugua hata mafua."

"Mimi nilimtumia matunda!"

"Alikula. Alishukuru."

Baba Mkwe alikitafuta kiti cha wateja kwa mkono, akakaa.

"Ndiyo maana nyama yako unaikatia jikoni vipande vidogo vidogo," alisema. "Miaka yote hii nilidhani ni adabu."

"Ilikuwa fizi."

"Na huo mwanya?"

"Huo ni wangu. Nilimletea fundi picha zangu zote za zamani. Nikamwambia rangi chagua wewe, mwanya usiuguse."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Ulisimama mbele ya baba yangu ukasema umenipendea mwanya. Ukoo mzima ukasikia. Mwanya ulipokwenda, mimi nilikuwa nimebaki na nini?"

Baba Mkwe alikuna ule upande wa kichwa uliokuwa bado na nywele.

"Nilitaja mwanya," alisema, "kwa sababu yale mengine nisingeweza kuyataja mbele ya baba yako."

Fundi aligeuka haraka na kuanza kukagua joto la maji. Yapo maneno ambayo mkwe hapaswi kuyasikia, hata kama meno ya mhusika yako mikononi mwake.

Nyuma yake kulisikika kicheko cha Bi Mwanya, kile kikubwa anachojulikana nacho, kikitoka bila jino hata moja la juu. Kilikuwa kile kile.

"Mkwe," alisema Baba Mkwe baada ya kitambo.

"Naam, Baba."

"Nimekuita mwizi."

"Sikusikia, Baba. Mashine zina kelele."

Mashine zote zilikuwa zimezimwa. Mzee akaitikia kwa kichwa.

"Kikao kipo," alisema. "Na huyo kaka yako mwambie awahi. Mimi sipendi watu wa kuchelewa."

Fundi aliitoa seti kwenye maji. Ufa ulikuwa umeshika. Akausaga, akaupiga msasa, akaung'arisha mpaka kidole kikipita juu yake hakihisi kitu. Bi Mwanya akaipokea, akageuka pembeni kidogo kwa mazoea, kisha akakumbuka kwamba hakuna tena wa kumficha. Akaivaa mbele ya mumewe. Ikakaa mahali pake.

"Sema kitu," aliomba Fundi.

"Simu. Saluni. Safi sana."

"Inachuna?"

"Haichuni. Mwanangu, mikono yako ibarikiwe."

Baba Mkwe aliinuka, akaenda kwenye kioo ambacho wateja hujitazamia kicheko chao kipya, akaanza kuchunguza hasara aliyoiacha kwa kinyozi. Aligeuza kichwa huku, akakigeuza kule.

"Hivi nimetembea barabarani hivi?"

"Umetembea," alisema mkewe. "Na watu wamekuona."

Mambo yangeishia hapo, na gazeti hili lingebidi litafute kitu kingine cha kuweka kwenye ukurasa huu. Lakini simu ya Fundi iliyokuwa juu ya benchi ikawaka.

Ilikuwa ile programu. Pamoja na kasoro zake zote, ilikuwa hodari wa jambo moja: kila maoni yaliyoandikwa kwenye ukurasa wowote iliyaleta hapo hapo, na chini yake ikaweka kisanduku cha kujibia.

Fundi alitazama. Ukurasa wa ukoo uko wazi kwa mtu yeyote, na aliyeandika hakuwa mtu wa ukoo. Jina lake hakulijua.

"Samahani kwa kuingilia mambo ya watu," aliandika mgeni huyo. "Mwanya huu ninao. Hata hilo jino la kushoto lililopandana, ninalo. Walionilea waliniambia mama aliyenizaa alikuwa hivi hivi. Mwenye meno haya ni nani? Nimemtafuta sana."

Chini yake palikuwa na picha. Mwanamke mtu mzima, mkubwa kwa umri kuliko mfamasia, anacheka. Fundi aliukuza mdomo kwa vidole viwili. Alichonga mwanya ule kwa mikono yake. Aliujua upana wake, aliujua mteremko wa kila jino. Huu haukuwa wa plastiki.

Alidhani ni jambo la kuchekesha. Watu wawili wasiojuana, mwanya mmoja.

"Mama, hebu ona. Umepata pacha."

Bi Mwanya aliipokea simu akiwa bado anatabasamu. Akasoma. Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki pale kama taa iliyosahauliwa kuzimwa, huku macho yakirudi mwanzo na kusoma tena. Mkono wake mwingine ukaushika mgongo wa kiti.

Alitupa jicho kwa mumewe. Mumewe alikuwa anapima kwa kidole mstari kati ya nywele na upara.

"Mkwe," alinong'ona, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake haikuwa na mzaha hata chembe, "nikimjibu hapa, anaona yeye peke yake?"

Fundi akatazama kile kisanduku. Alikuwa ameijaribu programu kipande kwa kipande, lakini katikati ya majaribio dunia ilimwangukia.

"Sijui, Mama. Hapo sikufika. Ngoja nimuulize Kaka kw..."

Bi Mwanya hakungoja. Aliandika kwa kidole kimoja, haraka, kama mtu anayeogopa kwamba akisita hataandika kabisa. Akabonyeza.

Mbele ya kioo, simu ya Baba Mkwe ikalia mfukoni.

Aliitoa, akaisogeza mbali na macho, akasoma kwa sauti kama anavyosoma kila kitu, tangazo la dawa ya mbu au barua ya serikali.

"'Mimi ndiye mama yako. Usiandike hapa tena, nitakutafuta mwenyewe.'"

Akakunja uso.

"Watu wa mitandao wana vituko," alisema. "Jina limeandikwa la programu tu. Sasa nani huyu anayeandika mambo kama haya kwenye ukurasa wa ukoo wangu?"

Akageuka kuwauliza wenzake. Fundi alikuwa amesimama mikono mitupu. Simu ya Fundi ilikuwa mkononi mwa mkewe.